Udugu wa Kuitana

Katika kambi ile kila mtu alikuwa na silaha yake, na silaha ya Sajini Kifungu ilikuwa mhuri. Jina la Kifungu hakupewa na wazazi. Alipewa na askari, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwomba kitu asijibiwe kwa kifungu cha kanuni. Ukimwambia una njaa, anakusomea kifungu cha saa za chakula. Ukimsalimia asubuhi, anakukagua kidevu kwanza kama umenyoa, ndipo aitikie. Alijua wanamwita hivyo na moyoni alifurahi, ingawa usoni alijitia kuchukia, maana aliamini mkuu wa ofisi ya utumishi lazima awe na uso wa kuchukia. Siku hizi, akiwasimulia makuruta habari hii, huanza hivi: "Nilikuwa mjinga mwenye mwandiko mzuri." Makuruta hawajui wacheke au wasimame mguu sawa.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya ghala la silaha: makabati ya chuma yaliyolia kila yakifunguliwa, meza mbili, na dirisha linalotazama uwanja wa gwaride. Sakafuni palikuwa na mstari wa njano. Aliupaka Sajini mwenyewe, kwa magoti yake, siku ya mapumziko wenzake wakicheza karata. Mwenye shida husimama nyuma ya mstari huo, kwa umbali unaomwezesha kuiona meza lakini si kusoma kilicho juu yake. Siku ile rangi ilimdondokea kwenye kombati, naye, kwa kuwa sare chafu ni kosa, akajiandikia onyo, akalisaini, akajikatia rufaa, akaisikiliza na kujisamehe. Ukidhani nakutania, muulize koplo, karani wake, aliyeambiwa aitupe ile karatasi.

Onyo hilo lilitupwa kwa sababu jalada la Sajini halikuwa na doa. Tangu ajiunge na jeshi hajachelewa, hajatoroka, hajakaripiwa. Alikuwa akilitoa jalada lake kabatini mara mojamoja, akalifungua, akalitazama kama mtu anavyojitazama kwenye kioo kabla ya kwenda harusini, kisha akalirudisha. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na hakutaka kingine katika maisha ya jeshi ila jalada hilo lifungwe likiwa jeupe vilevile.

Sasa tuje kwenye waraka. Chanzo chake ni mabibi. Mabibi wa kikosi kile walikuwa wakifa kwa mpigo, hasa karibu na sikukuu. Askari mmoja alimzika bibi yuleyule mara nyingi hadi koplo akaanza kumwonea huruma marehemu kwa uchovu. Mwingine aliomba ruhusa kwenda kumzika mjomba, na wiki iliyofuata mjomba huyo akaja kambini kumsalimia mpwawe, mnene na mwenye afya tele. Mkuu wa kikosi alichoka. Akamwita Sajini na kumwambia, "Niandikie waraka wa kuziba mianya hii yote. Usibakize hata tundu la panya."

Kumwambia Sajini maneno kama hayo ni kumwambia mlevi amalize pipa. Alijifungia, akaandika, akafuta, akaandika tena. Waraka ulipokamilika, kiini chake kilikuwa kifungu kimoja: kwa ruhusa za dharura na kwa wageni wanaoingia kambini siku za kazi, ndugu wa karibu ni baba mzazi, mama mzazi, mke au mume wa ndoa, na mtoto wa kuzaa. Kisha ikaja ile sentensi aliyoipenda kuliko zote: "Udugu wa kuitana hautahesabiwa."

Jioni hiyo alimsomea mkewe kifungu hicho sebuleni, amesimama, mkono mmoja nyuma.

"Na mama je?" mkewe akauliza.

"Mama yumo. Si nimesoma hapa, baba mzazi, mama mzazi?"

"Nakuuliza mama. Mama yupi?"

Lakini Sajini hakusikia. Alikuwa amezama katika kuzitazama koma zake. Mkewe akarudi kukunja nguo, akisema peke yake kwamba kuna watu wakipewa kalamu hupoteza masikio.

Mama aliyeuliziwa ni mama mdogo wa Sajini. Mama aliyemzaa alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na mdogo wake, msichana ambaye hata kuolewa alikuwa bado, akamchukua kitoto kile, akakifunga mgongoni, na hakukishusha tena. Baadaye aliolewa, akafiwa na mumewe, na hakujaliwa mtoto mwingine. Sajini hajawahi kumwita mama mdogo. Alimwita mama, tangu alipojua kuita. Ila siku ya kujiandikisha jeshini, fomu ilipouliza jina la mama, aliandika la yule aliyemzaa, na pembeni akaongeza kwa mwandiko wake mzuri: marehemu. Ilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa kanuni.

Waraka ulifanya kazi. Mabibi wakaacha kufa. Mkuu wa kikosi akafurahi, makao makuu nako wakasikia, wakaleta habari kwamba mkaguzi atakuja kuona jinsi waraka unavyotekelezwa ili vikosi vingine viige. Sajini ndiye angemweleza. Kwa siku kadhaa alitembea kambini kichwa kimevimba mpaka bereti ikambana.

Wa kwanza kunaswa alikuwa askari mmoja mrefu aliyeitwa Kimya, kwa kuwa huzungumza akilazimika tu. Alikuja akasimama nyuma ya mstari wa njano, viatu vinang'aa, akasema amefiwa na baba.

Sajini alifungua jalada. "Baba yako alifariki zamani. Imeandikwa hapa."

"Huyu ni baba mkubwa, afande. Ndiye aliyenilea."

"Mkubwa, mdogo, sijui wa kati," Sajini akasema, na utani ukamnogea kabla hata haujamtoka mdomoni, "kanuni haina saizi."

Koplo aliinamisha kichwa kwenye mashine yake ya kuchapa. Kimya alipiga saluti nzuri, saluti ya kufundishia wengine, akageuka nyuma, akatoka. Baba yake mkubwa akazikwa bila yeye. Sajini aliirudia ile "kanuni haina saizi" kwenye chumba cha chai mara kadhaa, na watu walicheka, kwa kuwa ana cheo.

Wiki ya ukaguzi ilipofika, simu ya nyumbani ikaingia. Mkewe alisema kwa sauti ya chini, "Mama ana uvimbe tumboni. Madaktari wanasema wampasue keshokutwa asubuhi, hawawezi kungoja. Mimi siwezi kuacha zamu kiwandani, nimeshaomba wamekataa. Na hospitali wanataka mtu wa kumsainia. Hana mwingine, baba watoto. Ni wewe tu."

Sajini alikata simu akakaa. Aliogopa, tena aliogopa kitoto, kwa mtindo wa zamani wa kuamka na kukuta mgongo uliombeba haupo. Kisha akafanya alichojua kufanya. Akavuta fomu ya ruhusa ya dharura.

Karani haruhusiwi kushughulikia fomu yake mwenyewe. Hicho nacho ni kifungu, na mnajua nani alikiandika. Kwa hiyo aliinuka mezani kwake, akatembea hadi mbele ya meza ya koplo, akamkabidhi. Koplo aliisoma, akaisoma tena. Alikuwa mwanamke makini, mwenye heshima zake, na kila alichokijua cha ofisi ile alifundishwa na huyuhuyu aliyesimama mbele yake.

"Afande," akasema polepole, "samahani. Mstari."

Sajini akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimeuvuka. Akarudi nyuma.

"Mgonjwa ni nani wako, afande?"

"Mama."

Koplo akafungua kabati, likalia, akatoa lile jalada lisilo na doa. Hakuhitaji kupekua sana. "Mama yako ni marehemu, afande. Umeandika mwenyewe."

"Huyu ni mdogo wake. Ndiye aliyenilea."

Koplo alilifunga jalada. Uso wake ulionyesha kwamba angetoa chochote asiseme kinachofuata, lakini alikuwa amefundishwa vizuri mno.

"Afande, uliniambia nisiongeze wala nisipunguze. Uliniambia kanuni haina..."

"Najua nilichokuambia, koplo."

"Ndiyo, afande."

Alipigiwa mhuri wa KUKATALIWA kwa mhuri wake mwenyewe. Ulikolea vizuri, siku zote alisisitiza wino ujazwe. Baadaye alikiri kwamba wakati ule alipasuka vipande viwili: kipande kimoja kiliumia, na kingine, mpumbavu yule, kikajisifu kwa kazi nzuri aliyomfundisha koplo.

Akaomba kumwona mkuu wa kikosi. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Sajini, mkaguzi anakuja siku hiyohiyo. Anakuja kuona waraka huu. Na wewe ndiye mwenye waraka."

"Ndiyo, afande."

"Nikikuruhusu wewe, yule kijana mrefu aliyefiwa nitamwambia nini? Kwamba kifungu kinawabana wote isipokuwa aliyekiandika?"

Mkuu hakuwa na roho mbaya; alikuwa na haki, na haki ile Sajini ndiye aliyeipiga pasi. Sajini akapiga saluti. Alipokuwa akitoka alijikuta anajaribu kuipiga vizuri kama ile ya Kimya, na haikufikia.

Usiku aliongea na mama kwa simu, akamwambia ameshindwa. Mama alicheka kidogo. "Kwani ruhusa anatoa nani huko?"

"Ofisi yangu, mama."

"Ala! Basi kumbe umejinyima mwenyewe. Hata ukiwa mdogo ulikuwa ukijificha mchezoni halafu unasahau ulipojificha. Lala, mwanangu. Nitapata mtu wa kunisainia."

Hakuwa na mtu wa kumsainia, na wote wawili walijua.

Asubuhi ya ukaguzi Sajini alikuwa amenyooka kama rula. Meza imepanguswa, waraka umewekwa katikati, mstari wa njano umefutwa vumbi. Simu ya geti ikalia. Ilikuwa sauti ya Kimya, ambaye zamu ya lindo ilimwangukia siku hiyo.

"Afande, kuna mama hapa getini. Anasema yeye ni mama yako."

Sajini alikishika kipokezi cha simu kwa mikono miwili.

"Nimetazama kitabu cha ndugu wa karibu, afande," Kimya akaendelea, na katika maisha yake hajawahi kusema maneno mengi namna ile. "Kinasema mama yako amefariki. Nimemweleza hivyo. Amesema nikupe salamu, nikuambie marehemu amekuja."

Koplo, aliyekuwa ameshika kipokezi cha pili, alitoa sauti isiyoeleweka kama ni kicheko au kilio. Sajini alikuwa ameshatoka mlangoni.

Alimkuta nje ya kizuizi, kwa kuwa ndani asingeweza kuingia. Mwili mdogo, kitambaa kichwani, mwavuli, mkoba mkubwa wa mkononi, na nyuma yake teksi inangurumisha injini. Alikuwa amekonda. Tumbo peke yake ndilo lililokuwa limejitokeza chini ya gauni.

"Mama, hospitali wanakungoja."

"Wangoje. Njia ni hii hii, nikamwambia dereva nipitishie hapa." Akamtazama kuanzia bereti hadi viatu, akanyoosha mkono, akamweka sawa ukosi ambao haukuwa na kasoro. "Sikuja kukulazimisha chochote. Nimekuja nikuone. Wakishanipa dawa yao ya usingizi, sijui kama nitaamka, na sikutaka nilale bila kukuona. Basi. Nimekuona. Nenda kazini."

Akageuka. Mkoba ulikuwa mzito, ukamvuta upande. Sajini akaupokea bila kufikiri, na jua lilikuwa kali, akaupokea na mwavuli, akaufungua juu ya kichwa cha mama. Hapo ndipo alipojiona. Askari mwenye sare hatabeba mwavuli. Askari mwenye sare hatabeba mkoba wa kike. Kwenye ukuta wa kibanda cha geti, mbele ya macho yake, matangazo hayo yote yalibandikwa, yamesainiwa, na hapo katikati waraka wake ukiwa na kile kifungu alichokisomea sebuleni. Udugu wa kuitana hautahesabiwa. Ilionekana kama imeandikwa na mtu asiyemfahamu, tena mtu asiyependa kumfahamu.

Akamsaidia mama kuingia garini, akamwambia dereva asiondoke. Kisha akaingia kibandani.

"Kimya, nipe hati ya mashtaka."

"Ya nani, afande?"

"Yangu."

Mtu mwingine angetoroka tu. Angepanda teksi, mengine yatajulikana mbele. Sajini hakuweza. Alikaa kwenye kiti cha lindo, akajaza hati kwa mwandiko wake mzuri: jina, cheo, mahali, na penye kosa akaandika "Kuondoka kambini bila ruhusa". Akasita kwenye maelezo, akaongeza "kwa makusudi", maana bila hilo shtaka lina mwanya na wakili yeyote mwenye akili angeupitia. Penye shahidi akaandika jina la Kimya.

"Soma kabla hujasaini," akamwambia. "Usisaini kitu hujasoma."

Kimya akasoma. "Afande, hujaondoka bado."

"Nitaondoka sasa hivi. Lazima uniamuru nisimame. La sivyo na wewe una kosa, kuacha mtuhumiwa apite."

Kimya akavuta pumzi. "Simama," akasema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Pandisha sauti. Ikiulizwa lazima iwe imesikika."

"SIMAMA, AFANDE!"

Ndege waliruka kutoka kwenye paa la kibanda. "Safi sana," Sajini akasema, akapita kizuizi na kuingia kwenye teksi, mkoba wa mama mapajani. Nyuma yake Kimya alikuwa amesimama mguu sawa, bunduki begani, na midomo yake ilikuwa ikicheza kidogo.

Hospitalini palikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha muuguzi mwenye miwani, na mbele ya dirisha, Sajini akaona, palikuwa na mstari sakafuni. Ulikuwa mwekundu. Alisimama nyuma yake bila kuambiwa.

"Wewe ni nani wake?" muuguzi akauliza.

"Mtoto wake."

"Wa kumzaa? Hapa anasaini mume au mtoto."

Sajini alifungua mdomo. Aliwauliza watu swali hilo mara nyingi kiasi kwamba lilikuwa limeota sugu, na hii ilikuwa mara ya kwanza linamrudia. Alishangaa jinsi lilivyo baridi likifika.

Mama aliyekuwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu aliinua kichwa. "Binti yangu, huyu nimembeba hajaota jino. Mgongo wangu umepinda kwa ajili yake. Unataka nikuvulie uone?"

Muuguzi alimtazama mama, akamtazama yule askari mnene mwenye mkoba wa kike na macho mekundu. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kisha akasogeza karatasi dirishani. "Saini hapa, baba," akasema, na hakuongeza swali.

Sajini alisaini. Saini yake, iliyosifiwa makao makuu, ilitoka imepinda kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Mama akapelekwa, magurudumu yakilia kama makabati ya ofisini, na yeye akabaki kwenye benchi, bereti mkononi, akimwomba Mungu bila utaratibu wowote. Alizoea maombi yenye sehemu zake: utangulizi, sababu, ahadi. Safari hii alisema tu, nakuomba, nakuomba, nakuomba.

Mchana ulikuwa umesogea daktari alipotoka kumwambia uvimbe umeondolewa na mama anapumua vizuri. Sajini alimpigia daktari saluti, bila bereti, kosa jingine. Alipoingizwa wodini mama alikuwa akifumbua macho.

"Kumbe ulipewa ruhusa," akanong'ona.

"Hapana, mama."

"Sasa?"

"Nimejishtaki."

Mama alianza kucheka, akashika tumbo, akakunja uso. "Toka hapa, mtoto wewe, utanikata nyuzi." Lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshika kombati yake na haukumwachia.

Aliporudi kambini, aliingizwa mbele ya mkuu wa kikosi kama mtuhumiwa yeyote: bila bereti, bila mkanda, suruali ikimtishia kushuka, sajini meja akimhesabia hatua kwa sauti ambayo zamani Sajini mwenyewe aliisifu. Koplo alisoma shtaka. Kimya aliitwa kutoa ushahidi.

"Ulimwamuru asimame?"

"Ndiyo, afande."

"Kwa sauti gani?"

"Mara ya kwanza ya chini, afande. Mtuhumiwa akaniambia nipandishe."

Mkuu aliangalia dirishani kwa muda, mabega yanatikisika. Alipogeuka uso wake ulikuwa mkavu. "Sajini, mkaguzi aliniuliza mwandishi wa waraka yuko wapi. Nikamwambia ametoroka. Akauliza sababu. Nikamwambia, kifungu chake mwenyewe kimemkamata. Unajua alisema nini? Alisema makao makuu wasubiri kwanza kabla ya kuwapa vikosi vingine ugonjwa huu. Una la kujitetea?"

"Sina, afande."

"Karipio kali, liingie kwenye jalada. Na ukakiandike upya kile kifungu. Ukishindwa, nitakiandika mimi, na wewe unaujua mwandiko wangu."

Karipio liliingia kwenye jalada. Sajini alilifunga mwenyewe kwa pini, ukurasa wa mbele kabisa, mahali pa kuonekana. Alitegemea moyo utamuuma. Uliuma kidogo, basi. Siku hizi akimwonyesha mtu jalada lake huanzia hapo, kama mzee anayeonyesha kovu la vita, na vita vyenyewe vikiwa vya mkoba na mwavuli.

Kuandika upya ndiko kulikomtoa jasho. Aliandika: aliyemlea askari. Akajiuliza, amemlea kwa muda gani? Aliyekulisha mwaka mmoja wa njaa na aliyekukalisha nyumbani miaka kumi akikusimanga, nani mzazi? Akaandika: kwa uthibitisho wa maandishi. Nani anamwandikia mtoto hati ya kumbeba mgongoni? Karatasi zilijaa kapu la taka. Mkewe, akikunja nguo, alimwuliza tena, "Na mama je?" Safari hii alisikia. Akamkumbuka yule muuguzi akifuta miwani, kisha akaandika mstari mmoja, na hakutazama koma.

Kifungu kipya kilibandikwa getini kimesainiwa na mkuu. Kinasema: "Mzazi ni yule ambaye askari atasema ni mzazi wake. Atasema mara moja, na karani hataongeza swali." Ndiyo, bibi mmoja au wawili walifufuka na kufa tena; Sajini aliwapigia mhuri akitabasamu. Aliona heri kuzika bibi hewa kuliko kumkosa wa kweli.

Asubuhi moja baada ya hapo, Kimya aliingia ofisini, akasimama nyuma ya mstari, akamkabidhi koplo fomu. Koplo aliisoma, akasita, akainuka na kuipeleka mezani kwa Sajini.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "anaomba ruhusa kwenda kumzika baba. Lakini huyu baba ni yule... si alishazikwa, afande?"

Sajini alimtazama Kimya. Kimya alitazama mbele, mguu sawa, kidevu juu.

"Koplo," Sajini akasema, "hataongeza swali."

Akachukua mhuri, akaupiga, wino ukakolea. Kisha akainuka, akazunguka meza, akavuka mstari wa njano kwenda upande wa pili, akampa Kimya fomu mkononi.

"Pole na msiba," akamwambia. "Nimechelewa. Nenda ukamzike baba yako."